Neno la Kwanza Linalokujia

Zoezi lile nililipata kwenye semina ya walimu hapa Bariadi, katika ukumbi wenye joto, kutoka kwa mwezeshaji aliyejiona kama ndiye aliyegundua moto. Mtu mmoja anataja kitu, mwenzake anajibu haraka kwa neno la kwanza linalomjia, bila kuchuja, kisha anaeleza njia iliyomfikisha pale. Alisema linaamsha ubunifu. Mimi, kama wenzangu, nilikuwa nimefuata chai na sambusa, lakini zoezi likanikaa kichwani.

Nikalipeleka darasani, kwenye vipindi vya insha, maana wanafunzi wangu wote walikuwa wakiandika insha moja: ilikuwa siku ya Jumapili, niliamka mapema, jua lilikuwa linawaka. Halikuwasaidia. Nikisema "kiti", wanasema "meza". Nikisema "meza", wanasema "kiti". Nilitoka pale nimechoka kama mtu aliyeshinda akitwanga maji kwenye kinu.

Kisha baba akaja kukaa kwangu Somanda. Alikuwa amefuga maisha yake yote kule Mwanhuzi, na sasa alikuwa akipotea kati ya nyumba na zizi. Kaka yangu, aliyebaki na ng'ombe, ndiye aliyemleta. Daktari akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa, tumzungumzishe tu. Hilo la kumzungumzisha ndilo nililolishika. Tangu nikiwa mdogo baba hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Ng'wanone, mwanangu, kwa Kisukuma chetu cha nyumbani. Siku aliyofika kwangu aliniita "dada", akaniomba maji kwa adabu kama mgeni. Niliapa nitamrudisha mpaka alitamke tena lile neno.

Kila nikitoka shule tulikaa barazani, sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga ikiwa katikati yetu.

"Baba, nitakutajia kitu. Na wewe unitajie kinachokujia."

"Ni mashindano?"

"Mchezo tu, baba."

"Haya, taja."

"Ufunguo."

"Kwato."

"Kwato kivipi?"

"Ng'ombe wa mbele akishakanyaga, si njia imefunguka? Wengine wanapita tu."

Nikasema "redio", akasema "nyuki", kwa sababu vyote viwili vinaishi ndani ya sanduku na ukivichokoza vinanguruma. Nikasema "pamba", akasema "mikono ya mama yako". Hapo sikumuuliza kivipi. Mama alikuwa akirudi shambani vidole vimekwaruzwa na makaka ya pamba, hawezi kushika chumvi. Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikajiambia kwamba mtu mwenye njia nyingi namna hii hawezi kukosa moja ya kunifikia mimi.

Basi nikaanza kuchagua maneno kwa hila. Nilimwekea yale yaliyo jirani na mimi, nikangoja aingie. Nikasema "mtoto", akasema "ndama". Nikasema "binti", akasema "mtungi". Nikasema "shule", kwa vile ni yeye aliyenipeleka shule akinishika mkono, akasema "vumbi", akatafuna michembe yake. Kila siku alipita karibu yangu kabisa, kisha akaendelea na safari yake.

Kaka alipokuja kututembelea alikuwa amevaa koti lake la kuchungia, linanuka zizi. Lambo la kule lilikuwa limekauka na ng'ombe wengi walikuwa wamekufa, ila hilo hatukumwambia mzee. Baba akainua kichwa, pua ikamcheza.

"Ng'wanone," akamwambia kaka, "umeshanywesha?"

"Tayari, baba. Zote zimekunywa."

Niliona wivu, tena wivu mchungu. Mimi ndiye nimwogeshaye na kumlisha. Huyu ameshuka kwenye basi na harufu tu, akapewa neno langu. Tulipokuwa jikoni, kaka alinigeuzia uso wa huruma, nao ukaniudhi zaidi.

"Dada, unamchosha mzee na mambo ya darasani. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Wewe ameshakuita, ndiyo maana unaongea."

Nilimwomba aniachie lile koti, naye akaliacha bila kuniuliza la nini. Kesho yake nilitoka shule, nikalivaa juu ya gauni langu katika jua lote lile, nikakaa mbele ya baba. Akanusa. Akanitazama muda mrefu.

"Dada," akasema, "hilo koti umelitoa wapi?"

Nililivua. Sijalifua mpaka leo, sijui namtunzia nani.

Baada ya hapo majibu yakaanza kupungua. Ufunguo, ng'ombe. Redio, ng'ombe. Pamba, ng'ombe. Kwetu tuna ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yasaidie kiangazi. Likishafunguliwa na mvua zikachelewa, linaliwa mpaka udongo. Akili ya baba ilikuwa imefika kwenye udongo, na mimi nilikuwa bado naswaga ng'ombe humo. Kisha hata ng'ombe wakaisha. Akawa ananirudishia nilichosema.

"Ufunguo."

"Ufunguo."

Mwanzoni nilidhani ananitania. "Usirudie, baba. Nijibu."

"Nijibu," akasema, kwa ukali ule ule wa mwalimu.

Shuleni sifanyi tena lile zoezi. Ingawa siku moja wanafunzi walilicheza wenyewe, mmoja akasema "meza" baada ya mwenzake kutaja "kiti", nikajikuta namsifu kupita kiasi, darasa zima likashangaa. Wao wana mali, na hawajui.

Jioni moja wiki iliyopita nilimlisha uji, nikamfuta kidevu. Bodaboda zilikuwa zinapita kama kawaida, jirani anafagia uwanja. Nilikuwa nimeacha kumtajia vitu. Tumaini nililokuwa nalo liliisha kimya kimya, sikumbuki siku gani. Lakini wazo likanijia, na aibu ikatangulia kabla sijalifanya. Nikasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana.

"Ng'wanone," nikamwambia.

"Ng'wanone," akasema.

Sauti ilikuwa yake, ile ile ya kuniita kutoka zizini nikiwa mdogo. Macho yalikuwa kwenye bakuli. Nilijua kabisa kwamba halikutoka kwake, kwamba ni langu mwenyewe limenirudia, na ningemtajia bakuli angesema bakuli.

Nikalisema tena.