Shahidi Aliyesimama Juu ya Kreti

Fundi seremala wa jirani na shule ya msingi anaitwa Kapteni, na wengi wanadhani aliwahi kuwa jeshini. Jina hilo alipewa akiwa na miaka kumi na mmoja, na aliyempa ni mtoto wa nyumba ya pili, ambaye mwenyewe alijiita Rubani.

Walikuwa chanda na pete. Wakitoka shule walipenya tundu la ukuta, wakaingia kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Mle ndani mlikuwa na matanuri marefu kama mapango, na shimo la udongo lililojaa maji ya mvua. Walifunga mbao juu ya mapipa mawili, wakapata meli. Kapteni alikuwa na kitabu kikuukuu kisicho na jalada, cha mtoto aliyezunguka visiwa akifichua majambazi, na walikisoma kwa zamu ndani ya tanuri mpaka kurasa zikalegea. Mwishoni mtoto yule alisema kweli mbele ya watu, akabebwa juujuu, mji mzima ukimshangilia. Kapteni aliupenda ukurasa huo kuliko yote.

Jumamosi moja mchana walisikia lori. Wakachungulia. Baba yake Rubani, dereva wa kampuni ya umeme, alikuwa anashusha waya wa shaba akisaidiwa na mtu wasiyemjua. Waliufunika kwa matofali mabovu, wakaondoka. Rubani alimshika mwenzake mkono.

"Hatujaona kitu," alisema. "Apa."

Kapteni akaapa.

Wiki hiyohiyo mzee mtunza ghala wa kampuni alikamatwa kwa wizi wa waya. Funguo alikuwa nazo yeye, basi mwizi ni yeye. Mke wake alipita barabarani kila siku na kikapu cha chakula cha mahabusu, watoto wakimzomea. Kapteni alijikaza wiki tatu. Masomo yakamwendea mrama, na mama yake akadhani ana malaria. Wiki ya nne alimwambia mwalimu wake.

Mahakamani alikuwa mfupi mno kwa kizimba, ikabidi karani amletee kreti ya soda asimame juu yake. Alieleza yote, hakupunguza wala hakutia chumvi. Alipomaliza aligeuka kuwatazama watu, na hata leo anakiri kwamba alikuwa anangoja kushangiliwa. Mtu mmoja alikohoa. Rubani alikuwa benchi la pili, amemwegemea mama yake, macho sakafuni.

Baba yake Rubani alifungwa miaka mitano, na familia ikatolewa kwenye nyumba ya kampuni ndani ya juma moja. Mtunza ghala aliachiwa. Kapteni alimfuata nje, akiwa na shati lake la shule lililopigwa pasi.

"Uliona lini?" mzee alimuuliza.

"Kabla hawajakukamata, babu."

"Ukanyamaza muda wote huo." Mzee alivua kiatu kimoja, akamwonyesha mguu uliovimba. "Haya, mjukuu wangu. Nenda nyumbani."

Baba yake Kapteni alikuwa fundi wa nguzo kwenye kampuni ileile. Haukupita muda akaambiwa kazi zimepungua. Ukweli ni kwamba wenzake hawakutaka tena kupanda nguzo na baba wa mtoto asiye na breki mdomoni. Hakumlaumu mwanawe hata siku moja. Mwaka uliofuata alimtoa shule, akampeleka kwa fundi seremala.

Huko ndiko Kapteni alikokulia, kati ya randa na harufu ya gundi. Alioa, akafungua karakana yake, akapata tenda ya madawati ya shule. Hakumwona tena Rubani kwa miaka ishirini na sita, mpaka siku alipoingia mwanamume mwenye mvi za mapema kuulizia jeneza.

"La nani?"

"La mzee wangu. Alikuwa mrefu, kama wewe hivi." Kisha akamwangalia vizuri. "Kapteni."

Maneno yote aliyoyapanga miaka na miaka yalimtoroka Kapteni. "Nilisema kweli tu," ndilo lililomtoka.

"Najua. Si na mimi niliona?" Rubani alipangusa vumbi la mbao kwenye kiti, akaketi. "Simtetei. Lakini nilizisikia habari kwa mwalimu, mbele ya darasa zima. Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo. Tungepigana. Halafu tungekwenda wote wawili."

Kapteni alichagua mbao zake nzuri kuliko zote. Rubani alilichukua jeneza, akashukuru kama mteja yeyote, wala hakumwambia mazishi ni wapi.

Mwaka jana binti yake Kapteni, wa darasa la sita, alirudi nyumbani hana raha. Kompyuta ya shule ilikuwa imevunjika. Aliyeiangusha ni mtoto wa mwalimu mkuu, na aliyesimamishwa shule ni mtoto wa mama mfagizi. Binti aliona kwa macho yake, na kesho yake alikuwa anaitwa ofisini.

"Baba, niseme?"

Mama yake aliacha kukata vitunguu. Kapteni aliyatazama madawati ya shule yaliyojaa uani, yakingoja rangi.

"Kuna mwingine aliyeona?"

"Hakuna."

"Basi sema ulikuwa umeinama unafunga viatu."

Binti alifikiri kidogo. "Wakiniuliza tena?"

"Sema vilevile."

Akasema vilevile. Mwalimu mkuu alimsifu kwa adabu yake, na mtoto wa mfagizi hakurudi tena.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa masomo ya ziada alimsimamisha Kapteni njiani, akamuuliza kwa nini binti haonekani.  Kila Jumanne na Alhamisi mtoto alikuwa anamsimulia baba yake masomo hayo, aliyesoma vizuri ni nani, aliyechekwa ni nani. Kapteni alifika nyumbani akamuuliza leo kwenye masomo ya ziada wamesoma nini.

"Hesabu za sehemu, baba," binti alijibu, akimtazama usoni, ametulia tuli. "Mwalimu ametupa na mazoezi."

Kapteni alichukua brashi, akarudi uani kwenye madawati yake.