Siku Povu Aliposhinda

Tangu aanze kupiga kura, Povu hakuwahi kushinda. Yeye mwenyewe hakugombea chochote maishani, labda kamba ya kuanikia nguo upande wenye jua. Alikuwa dobi tu. Lakini kila aliyempigia kura ya urais alianguka, na wengine walianguka vibaya mno hata majina yao yakasahaulika kabla mabango hayajabanduka ukutani. Nyumbani jambo hili liligeuka utani wa kudumu. Mumewe, fundi saa mwenye maneno machache, alizoea kuwaambia wateja wake, "Ukiwa na adui anayetaka urais, mlete kwa mke wangu amuunge mkono. Kazi imekwisha."

Aliyeufaidi utani huo kuliko wote alikuwa wifi yake. Huyu ni dada mkubwa wa fundi saa, na ndiye aliyemfundisha Povu udobi alipoingia katika ukoo ule akiwa bibi harusi asiyejua hata kuloweka. Jina la Povu pia lilitoka kwake, siku alipomkuta amezama katika povu la beseni hadi mabegani baada ya kumwaga sabuni ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo walifanya kazi pamoja katika chumba kimoja chenye meza mbili za pasi, na ua nyuma yake wenye karo la kufulia, jiko la kuni na kamba nyingi. Wagombea wa wifi walishinda siku zote. Kila kampeni zilipoanza alimshika Povu bega na kumwambia, "Wifi yangu, nakuomba, mpigie wako kwa moyo wote. Ukimwacha wewe, wangu atakosa bahati."

Safari hii mambo yalipinduka.

Matokeo yalitangazwa mchana. Povu alikuwa akipiga pasi shati jeupe pale kelele zilipolipuka kwa kinyozi, mlango wa pili. Kinyozi alitoka mbio na mashine mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wote wawili wakirukaruka kama watoto.

"Povu! Mtu wako kapita!"

Povu aliinua pasi, akaiweka pembeni, akangoja. Habari za namna hiyo alizizoea kuwa na mkia. Kapita, lakini. Kapita, ila wanarudia kuhesabu. Aliungoja mkia huo, nao haukuja. Alichokisikia moyoni hakikufanana na furaha aliyokuwa akiiwazia miaka yote. Ilikuwa kama kuinua ndoo uliyodhani imejaa, kumbe tupu: mkono unaruka juu wenyewe, na kwa muda hujui uufanye nini.

Kwenye meza ya pili, wifi yake aliendelea kunyoosha kola. Mwanamke huyo alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akimpigia debe mgombea wake, kwa kuwa mgombea huyo aliwahi kupita uani kwao, akafungua bomba lililokauka, akalitikisa, kisha akasema mbele ya watu, "Mama, hili nitalishughulikia." Tangu siku ile wifi hakuwa mpiga kura tu. Alikuwa ameahidiwa. Na katika joto la kampeni alitamka, nusu mzaha nusu kweli, kwamba akishinda wa Povu, basi kila mtu atafute karo lake.

Alimaliza kola. Akaichomoa pasi yake ukutani na kuizungushia waya.

"Hospitali wanatafuta dobi," alisema, akiwa amempa Povu mgongo. "Kesho nakuja kumaliza mashuka ya nyumba ya wageni, maana niliahidi kwa mdomo wangu. Baada ya hapo, kila mtu ashike lake."

"Wifi, ule si ulikuwa utani?"

"Utani ni pale mnapocheka wote."

Jioni Povu alimkuta mumewe amejikunja mezani, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, saa ya mtu imefunuliwa tumbo mbele yake.

"Dada yako anaondoka."

"Nimesikia."

"Nenda ukazungumze naye."

"Nizungumze naye nini? Nikienda tu, ataniuliza kura yangu nilimpa nani."

"Kwani ulimpa nani?"

"Unaona sasa," alisema fundi saa, akarudi kwenye saa yake.

Asubuhi iliyofuata ua ulijaa mvuke. Povu alikuwa amefunga kichwani kitambaa kipya cha rangi ya waridi iliyokolea, kile walichogawiwa kwenye mkutano wa mwisho wa mgombea wake. Hakukifunga kwa kumrusha roho mtu. Alikitoa sandukuni ili ajithibitishie kwamba jana ilikuwepo. Barabarani watu walipita wakisalimiana kwa sauti za chini, kama nyumba nzima imelala na wao ndio wa kwanza kuamka. Hata jua lilionekana kuchungulia kwanza, likaona ni salama, ndipo likaingia.

Wifi alifika, akatoa shikamoo zake kwa majirani, akampita Povu kama nguzo. Alikaa upande wa pili wa pipa la kuchemshia. Alipokuwa na jambo la kusema, alikiambia chombo.

"Wewe beseni, mwambie mwenzako sabuni imekwisha."

Povu akasogeza sabuni.

"Wewe moto, mwambie mwenzako kuni zimelowa."

"Na wewe moto," Povu alijibu, "mwambie wifi yangu amependeza leo."

Moto haukufikisha salamu hizo.

Povu akawa anakoroga mashuka kwa mti mrefu, na mawazo yakaanza kumtoka taratibu, moja moja, kama mapovu yanayopanda kutoka chini ya pipa. Alimwona rais mpya amekaa kitandani, amevaa fulana, hajui avae shati gani. Akaona shati lile: jeupe, la pamba nzito, limekunjwa vizuri mgongoni. Angelinyoosha yeye, angeanza na mikono au kola? Akajiona anaingia katika nyumba kubwa yenye madirisha mengi, na katika kila dirisha shuka linapepea, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Alikuwa amepita vyumba vingi na bado alikuwa akitembea. Mahali fulani humo ndani bomba lilikuwa wazi, maji yanatiririka tu, na alijua kwamba akilifikia atalikuta limefunguliwa na wifi yake, amekaa kando anaosha miguu.

Mvuke ulimchoma uso. Bila kukatiza safari yake, alifungua kitambaa kichwani, akajifuta shingo, akakiweka juu ya mashuka yaliyokuwa yakingoja zamu. Kisha, akiwa bado katika vyumba vile, aliyakumbatia mashuka yote kwa mikono miwili na kuyatumbukiza pipani.

Dobi yeyote anajua kitambaa cha bure hakina rangi ya kweli. Rangi hiyo hupakwa kwa ajili ya siku ya mkutano, na ikikutana na maji ya moto kwa mara ya kwanza hukimbia yote. Wifi ndiye aliyemfundisha hilo, na Povu naye alikuwa amewafundisha wengine.

Aliamka kwa harufu, kisha kwa macho. Aliinua shuka kwa ncha ya mti. Lilitoka likichuruzika, laini, lenye rangi ya anga kabla jua halijachomoza. Akainua la pili. La tatu. Yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kwa kitambo kidogo alisimama akiyatazama, asijue kama ameshatoka ndotoni au ndoto imemfuata hadi uani.

Wifi alisimama. Hakukumbuka kuliambia beseni.

"Umechukua nchi," alisema, "sasa unataka na mashuka?"

"Wifi, sikukusudia."

"Hukukusudia! Mashuka ya nyumba ya wageni nzima! Leo, siku yangu ya mwisho, ili nikienda huko hospitali waseme yule mama aliharibu kazi ya watu kwa hasira za uchaguzi. Si ungeniimbia tu wimbo wenu nikajua moja?"

"Nilikuwa naota."

"Unaota mchana, umesimama, na mti mkononi?"

"Naota nimeshinda," Povu alisema, na machozi yakamtoka bila taarifa. "Wifi, mimi sijui kushinda kunakuwaje. Tangu jana sijui niweke wapi mikono. Nikifurahi naona nimekukosea. Nikinyamaza naona nimejikosea mwenyewe. Nimekaa njia panda na pipa linachemka."

Wifi alimtazama. Kisha akachungulia pipani.

"Toa maji hayo," alisema. "Unayaacha yapoe rangi ijing'ang'anie? Nani alikufundisha kazi?"

"Wewe."

"Basi usiniaibishe. Leta dawa ya madoa. Si hiyo, hiyo itakula uzi. Ile ya kopo."

Walimwaga pipa. Wakajaza maji mapya, wakachemsha upya, wakaloweka, wakasuuza. Rangi ya waridi ilitiririka kuelekea mtaroni, na kila mara walipodhani imekwisha ilitokea nyingine. Mashuka yalipolowa vile yalikuwa mazito kama watu waliolala, na hakuna mwenye mikono miwili tu anayeweza kuyakamua. Povu alishika ncha moja, akasimama na kusubiri, asithubutu kuomba. Wifi akashika ncha ya pili. Mmoja akasokota kulia, mwingine kushoto, maana mkisokota upande mmoja shuka linazunguka tu na maji yanabaki mlemle. Shuka likajinyonga katikati yao, likatoa maji kwa mlio.

"Ninyi mlikuwa mnafanyaje?" wifi aliuliza, macho yakiwa kwenye shuka.

"Kina nani?"

"Ninyi mlioshindwa. Miaka yote hiyo. Mimi sijawahi. Jana nimerudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Nilipoachika sikulia, Povu. Jana nimelia kwa sababu ya mtu aliyelitikisa bomba."

Povu alivuta shuka, akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, ingawa alikuwa na majibu mengi.

"Kwanza, usipite kwa kinyozi," alisema. "Atataka kukueleza kwa nini mmeshindwa, na yeye mwenyewe hajui. Pili, usile kwa watu walioshinda. Watakurundikia nyama kwa huruma mpaka ikukabe."

"Ndiyo maana kila uchaguzi ulikataa kula kwangu?"

"Ulikuwa unanirundikia, wifi."

Wifi alicheka. Kicheko kilimtoka kwa bahati mbaya, naye akakifunika haraka kwa kukohoa.

"Halafu?"

"Halafu mimi nilikuwa natafuta vitu vizito nifue. Mablanketi. Ukipigana na blanketi lililolowa hukumbuki idadi ya kura. Jioni unalala kama gogo. Ukiamka kesho yake bado umeshindwa, lakini mgongo unauma zaidi."

"Dawa gani hiyo!"

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

Waliendelea kusokota. Hawakuambiana pole wala hongera, kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua ipi ianze. Lakini beseni halikuambiwa kitu tena, wala moto.

Jua lilipoegemea upande wa pili, ua wote ulikuwa umefunikwa mashuka. Povu alipita katikati yake akiyagusa. Yalikuwa yamerudi kuwa meupe, karibu. Ukiyaangalia ukiwa umesimama penye kivuli hukuona kitu. Lakini mwanga ulipopita ndani yake, wekundu mwepesi uliamka katika pindo, kama shavu la mtu anayetaka kucheka. Alijua hawezi kumdanganya mwenye mali. Alijua pia kwamba wifi yake ana haki ya kunyoosha kidole, kisha akaondoka zake mikono ikiwa safi, na kwamba yeye hangekuwa na la kujitetea.

Mwenye nyumba ya wageni aliingia uani akijifuta jasho. Alikuwa bwana mnene mwenye kupenda kupapasa vitu kabla ya kuviamini. Alipapasa shuka, akalivuta kwenye mwanga, akakunja uso.

"Haya ni yangu?"

Povu alifungua mdomo, lakini sauti ya wifi ilimtangulia.

"Ni yako, bwana. Kuna kitambaa kiliingia pipani. Kosa letu."

Neno hilo la mwisho lilipita juu ya mashuka na kutua mbele ya Povu, naye akabaki akilitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaangalia huku na huku kama kina mwenyewe.

"Kosa lenu," mwenye nyumba ya wageni alirudia. "Na wageni wangu wakiuliza mbona mashuka yamekuwa ya rangi hii, niwaambie nini?"

"Waambie walale tu," alisema wifi. "Watazoea. Hata mimi tangu jana naambiwa nizoee."

Bwana yule alimtazama, kisha akamtazama Povu, kisha akaangua kicheko kilichomfanya ashike kamba asianguke. Akasema basi, safari hii atayapokea, lakini yakirudi siku nyingine na rangi ya chama chochote, atahamia kwa dobi mwingine. Wifi aliyakunjua vizuri zaidi ili yakauke hadi pindoni, akiyapigapiga kwa kiganja.

"Mablanketi unayo?" aliuliza ghafla.

"Yapo. Lakini si machafu."

"Lete tu."

"Lini?"

Wifi aliangalia karo, akaangalia jiko, akamwangalia Povu aliyekuwa amesimama kati ya mashuka, uso wake ukionekana na kupotea kadiri upepo ulivyopita.

"Kesho asubuhi," alisema. "Tena yalete yote."