Kofia ya Wakulima wa Corella

Dorothea Luscombe alikuwa mfupi wa kimo, lakini akiwaita farasi wake, mji mzima wa Corella, jimboni Queensland, Australia, hugeuka. Mumewe alipofariki, watu walimshauri auze zile ekari thelathini za miwa arudi kwao Brisbane. Akavaa viatu vya marehemu, akajaza magazeti kwenye ncha zake kwa kuwa vilimpwaya, akashika plau mwenyewe. Mtu akimwambia kilimo cha miwa si kazi ya mwanamke, alijibu, "Kaiambie plau. Mimi imeshanizoea." Miaka tisa alilima hivyo, na mwaka ule wa 1913 miwa yake ilikuwa mirefu kuliko ya jirani yake Angus Tulloch, jambo ambalo Tulloch hakulikubali hata siku moja.

Taabu ya Corella ilikuwa moja. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, kiwanda cha sukari, na reli nyembamba iliyopita mashambani ilikuwa ya kiwanda hichohicho. Muwa ukishakatwa haungoji. Ukilala siku mbili tatu bila kusagwa, maji yake yanachacha na jasho la mwaka mzima linageuka takataka. Mwenye kupeleka matoroli ya reli ya kubebea miwa ndiye aliyeshika roho za watu. Ndiyo maana wazee wa pale walianzisha desturi ya kofia: kila Juni, kabla ya mavuno, kila mkulima anaandika jina lake kwenye kikaratasi, vikaratasi vinatiwa kofiani, na atakayetoka kwanza ndiye atakayepelekewa matoroli kwanza. Hakuna kujuana wala kubebana.

Basi serikali ilipoitisha kura ya maoni ili katiba ibadilishwe na Bunge lipate nguvu juu ya ukiritimba wa namna hiyo, Dorothea hakuhitaji kuelezwa ukiritimba ni mdudu gani. Siku ya kura alisimama kwenye lango la shule tangu asubuhi, penseli nyuma ya sikio, akigawa vikaratasi vya kuwahimiza watu waseme Ndiyo.

"Dolly, mimi nasema Hapana," Tulloch, aliyezoea kumwita hivyo, alimwambia waziwazi. "Serikali ikishika kiwanda, hata kupiga chafya tutajaza fomu."

"Sema utakalo, Angus. Ila kazibe ua wako. Fahali wako yuko kwenye miwa yangu saa hizi."

"Hawezi kuwa wangu. Wangu ana adabu."

Meneja wa kiwanda, Bwana Pettifer, alipita na kigari chake cha farasi, akasimama. "Nakuona, Bibi Luscombe."

"Nami nakuona, bwana. Macho hayana pazia."

Matokeo yalikuja kwa telegramu, siku baada ya siku, yakiandikwa kwa chaki kwenye ubao wa posta. Queensland ilisema Ndiyo. Corella ilisema Ndiyo, mia na kumi na mbili kwa arobaini na moja. Lakini nchi nzima ilisema Hapana, kwa tofauti ndogo ya kukera. Dorothea aliusoma ubao mara mbili. "Tumeshindwa," mwenye posta akamwambia kwa huruma.

"Australia imeshindwa," alisema. "Corella hatukushindwa. Usiifute hiyo namba yetu mpaka mvua iifute."

Wiki mbili baadaye ikaja siku ya kofia. Wakulima ishirini na saba walijaa kwenye ukumbi wa mji. Safari hii Pettifer alikuja na vikaratasi vyake mwenyewe, vyenye mhuri wa kiwanda, akavigawa mkono kwa mkono. Alipofika kwa Dorothea akampita kama anapita nguzo.

"Changu kiko wapi?"

"Nchi imesema Hapana, bibi. Kiwanda kina mwenyewe, na mwenyewe hununua anapotaka."

Tusimfiche, Dorothea aliogopa. Ekari thelathini zilikuwa zimesimama kule zikingoja panga, na hapakuwa na kiwanda kingine ndani ya maili themanini. Lakini kumwomba Pettifer? Hata kwa dawa. Alibaki wima na viatu vyake vikubwa.

"Dolly," Tulloch akasema, "niazime penseli."

Alimpa bila kumtazama. Ikamkata maini kuona penseli aliyosimama nayo langoni siku nzima inapita mkono hadi mkono, watu wakiandika majina yao huku yeye hana kikaratasi. Wengine waliandika wamejiinamia, wakinong'onezana. Vikaratasi vikaingia kofiani.

Pettifer akachomoa cha kwanza. Akakikunjua, akakunja uso. "Luscombe," alisoma. "Nani amempa kikaratasi chake?"

Akachomoa cha pili. Luscombe. Cha tatu, mwandiko mwingine, Luscombe. Shingo ilimwiva nyekundu. Akaipindua kofia juu ya meza, akavifunua vyote, ishirini na sita, na vyote vilikuwa na jina moja.

"Mchezo gani huu?"

Tulloch akainuka taratibu. "Ni kura, bwana. Ihesabu vizuri. Hamna Hapana hata moja."

"Wewe Tulloch ulikuwa upande wetu!"

"Niliwakataa wakubwa wa serikali kule Melbourne wasinipangie maisha. Sasa nawe unataka kunipangia? Miwa yote ya Corella inaanzia kwa huyu mama. La sivyo, kasage upepo."

Jumatatu asubuhi matoroli yalishuka kwenye shamba la Dorothea yakipiga kelele, naye alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani kuyapokea. Tulloch alikuwa kando ya ua, akamrudishia penseli. Ilikuwa imebaki kipande kisichozidi kidole gumba.

"Mmeimaliza," Dorothea akasema, akikigeuza kiganjani.

"Jina lako refu, Dolly."

Dorothea akakichomeka kile kipande nyuma ya sikio, akaenda kuwaonyesha wakataji pa kuanzia.