Maombi Kabla ya Kupanda Nyoka

Juzi kwenye maonyesho ya kilimo hapa Kitui, watu waliwaacha ng'ombe wa gredi peke yao wakaenda kumwona nyoka wa chuma. Ni kigari cha reli kilichopakwa rangi ya kijani na kuchorwa meno. Hupanda kilima cha vyuma polepole, kisha hushuka mbio hadi watu wanapiga nduru.

Mbele yangu kwenye foleni walikuwa akina mama wawili wa kanisa kutoka Kanyangi, vitambaa vyeupe kichwani. Mmoja alirudi nyuma.

"Mtu ameokoka anapanda nyoka?"

"Si tuliambiwa tutawakanyaga?" mwenzake akamjibu. "Huyu tunamkalia kabisa."

Wakaketi. Mwenye mashine aliposhika kishikio, yule mwoga akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Sisi hatusafiri bila kuomba."

"Mama, hii haiendi mahali. Inarudi hapa hapa."

"Basi tuombe irudi."

Akaomba, akiombea reli, nati na breki. Foleni nzima tuliinamisha vichwa. Mwenye mashine alitazama saa yake.

Nyoka akapanda, akashuka na nduru zao, akasimama. Yule mwoga akatoka, akagusa udongo kwa kiganja, akacheka mpaka machozi. "Ngai! Mungu wangu, tumerudi wazima!"

Zamu yetu ikafika. Mwenye mashine alishika kishikio, akakiachilia, akavua kofia.

"Hapa kuna mtu wa kuomba?"

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu, mimi ambaye kanisani huonekana siku za harusi tu.