Wakwe Hawali Chakula Changu kwa Sababu Ninasomea Sumu

Habari za kazi, mhariri. Naomba jina langu lisitokee. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Dodoma mjini, niko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Ninasomea sayansi ya sumu: inavyoingia mwilini, inavyodhuru, na namna ya kumwokoa mtu.

Nimechumbiwa na mwalimu kijana wa Busi, Kondoa. Likizo iliyopita alinipeleka kwao nikawasalimie wazazi. Mama yake alinipokea vizuri, akaniachia jiko nipike chakula cha mchana.

Tulipomaliza kula, baba mkwe aliingia ghalani kuweka dawa kwenye mahindi. Siku hizi za biashara huria dawa za shambani anauza yeyote mnadani, hata kwenye chupa za soda zisizo na maandishi. Alitoka ghalani akivuja jasho, mate yanamtiririka, kisha akaanza kutapika. Nilipomtazama macho, mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nikajua ni sumu ya ile dawa. Tulimvua shati, tukamwosha kwa maji mengi na sabuni, tukaomba gari la jirani kumkimbiza hospitali. Nikampa daktari chupa ya ile dawa na kumweleza nilichokiona. Alisema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza mzee.

Nilidhani nitashukuriwa. Mama mkwe aliniuliza mbele ya ndugu, taratibu kabisa, "Mwanangu, wewe umejuaje upesi hivyo?"

Nikajibu kwamba ndicho ninachosomea. Hadi jioni, kijiji kizima kilikuwa kinasema aliyepika ni mimi. Mzee alipopata nafuu alieleza mwenyewe kwamba alikoroga ile dawa kwa mikono mitupu, lakini mkewe hataki kusikia. Asubuhi nilimpelekea mama mkwe chai, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alitoka nayo nje akaimwaga.

Kilichoniumiza zaidi ni mchumba wangu. Aliponisindikiza kupanda basi aliniambia, "Mimi nakuamini. Ila mama hatakula mkononi mwako. Acha hayo masomo, ukasomee ualimu, tufunge ndoa."

Nampenda, jamani. Mama yangu naye ananihimiza nikubali, anasema wachumba wenye heshima ni wachache. Lakini nikiacha sasa, si nitakuwa nimekiri kwamba nilimlisha mzee sumu? Mchumba wangu anasubiri jibu langu, na mimi usingizi umenihama. Ndugu wasomaji, ningekuwa binti yenu, mngeniambia nifanyeje?