Kisanduku Kilichopakwa Mafuta

Akina mama wa maombi walikipaka mafuta kisanduku cha runinga, kikafa. Ndivyo shemeji alivyonieleza kwa simu, nikiwa Carrollton, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Houston, kwenye kochi la Mkongo mmoja niliyefanya naye kazi ghalani. Sikucheka, kwa sababu yeye hakucheka.

Ninamwita shemeji kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa rafiki yangu. Hatuna damu moja. Mume alikuwa mtu wa kutengeneza vitu. Nyumbani kwao Pearland, pembeni mwa Houston, alifunga antena darini, akaiunganisha na kisanduku kidogo cha tyuna, kile kinachonasa mawimbi ya stesheni na kuyapeleka kwenye mtandao wa nyumba, halafu akaweka kompyuta kuukuu kabatini iwe seva ya kurekodi. Mimi niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimesoma kwa kufungua vitu vya watu, mji hadi mji. Yeye alinivumilia. Nilikuwa nikimuuliza maswali mpaka chai inapoa.

Alikufa kwa moyo, ghafla. Maiti ikasafirishwa Kenya, matanga yakaisha, wageni wakaondoka. Seva haikuwa na habari. Kila alasiri iliendelea kurekodi sinema za zamani za wapanda farasi, zile za rangi nyeusi na nyeupe alizozipenda yeye peke yake katika nyumba ile. Hilo halikumtisha shemeji. Mashine hufanya ilichoagizwa. Kilichomtisha ni kwamba sinema zilikuwa zinatazamwa. Seva huweka alama kwenye kila rekodi kuonyesha mtazamaji alifikia wapi, na alama zilikuwa zinasogea. Shemeji anaishi peke yake. Usiku yuko kazini hospitalini, mchana analala. Hata hivyo sinema iliyorekodiwa jana, leo ingekutwa imetazamwa karibu yote. Mwisho wa sinema peke yake ndio ulikuwa haujaguswa, siku zote.

Aliwaeleza wenzake wa kikundi cha maombi. Wakaja, wakaimba, wakakemea vyumba vyote. Mmoja akafungua kabati, akaona taa ya kijani ya kisanduku inawakawaka na hakuna mtu aliyewasha kitu. Kwetu kinachosumbua hupakwa mafuta, iwe mlango, kitanda au hata gari jipya. Basi akamiminia kisanduku mafuta ya zeituni, yakaingia kwenye matundu ya hewa. Taa ikazimika. Wakashangilia, wakala chapati, wakaenda zao. Kesho yake alama ikasogea tena, maana rekodi za zamani zilikuwa bado ndani ya seva.

"Shem, niletee kisanduku kipya," aliniambia. "Na ukae hapo sebuleni wakati nimelala. Ukiona kitu usinifiche. Kama kuna kitu, nauza nyumba nahamia kwa dada yangu, kule mjini Katy."

Nilijua nyumba ile ni nini kwake. Kuta walizipaka rangi wenyewe, yeye na mumewe, siku za mapumziko, na ndiyo nyumba ya kwanza ambayo hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kupigilia msumari.

Dukani nilisimama muda mrefu. Kulikuwa na visanduku vya mfumo mpya wa kurusha matangazo, nikaviacha: baadhi ya stesheni hufunga matangazo ya mfumo huo, na seva yako ikishayarekodi haiwezi kuyafungua. Stesheni za sinema kuukuu bado ziko kwenye mfumo wa zamani. Swali likabaki ni tyuna ngapi, kwa sababu kila kipindi kinachorekodiwa hushika tyuna moja peke yake. Kisanduku chenye tyuna mbili kingemtosha mtu mmoja mwenye ibada yake na tamthilia zake. Lakini sinema za marehemu zilishika tyuna moja alasiri nzima, na kama zingeendelea, vipindi vya shemeji vingekosa nafasi. Kwa nyumba yenye watu wawili unahitaji nne. Sikujua nyumba hii ina watu wangapi. Nikachukua vyote viwili, kimoja nikirudishe baadaye, nikateremka Houston.

Nilimkuta ametoka zamu, macho mekundu. Alinipa chai na mkate, akanitania kwamba nimekonda kama waya zangu na kwamba Wakongo hawajui kumlisha mtu. Nilipoweka maboksi mezani akayatazama, akasema nisifungue chochote kwanza. Akapanda ghorofani. Madirisha yote ya nyumba ile yana mapazia mazito ya watu wanaolala mchana, kwa hiyo nje jua lilikuwa linachoma na ndani tulikuwa na giza la machweo.

Nilikaa kwenye kiti cha meza ya chakula, nyuma. Kulikuwa na kochi la watu wawili mbele ya runinga, lakini sikulitaka. Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikivuma, ikinyamaza. Nadhani nilisinzia.

Nilichosikia kwanza ni ngazi. Shemeji alishuka na gauni la kulalia, kitambaa kichwani, macho wazi. Nikamwita. Hakugeuka. Alipita karibu yangu, nikaona macho yake hayanioni, yalikuwa kama madirisha ya nyumba isiyo na mtu. Aliingiza mkono katikati ya mito ya kochi bila kutazama, akatoa rimoti, akawasha sinema. Akakaa. Hakukaa katikati. Alikaa upande wa kushoto, akajibanza, na kuacha nafasi ya mtu mpana.

Nimeambiwa tangu utotoni kwamba anayetembea usingizini haamshwi. Sikumwamsha. Farasi walikimbia kwenye kioo, mwanga ukawa unampiga usoni. Alicheka mahali ambapo marehemu alizoea kucheka. Nilikuwa nimetazama naye sinema hizo mara nyingi, nakumbuka. Kisha akageukia ile nafasi tupu.

"Huyu wa kofia nyeusi anakufa sasa hivi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Akasubiri. Akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyejibiwa, akarudi kutazama.

Nilikuwa nikitazama ule mto wa kulia nione kama umebonyea, na niliogopa kuendelea kuutazama.

Kengele ya simu yake ililia ghorofani, ile ya kumwamsha kwa ajili ya zamu. Alizima runinga, akarudisha rimoti palepale, akapanda. Kengele ikakatika. Muda mfupi baadaye nikasikia sauti yake halisi, nzito ya usingizi, ikiniuliza kama nimeona kitu.

Nilimngoja ashuke, nikamweleza yote bila kupunguza. Alisikiliza ameshika kikombe. Akasema kumbe ndiyo maana siku hizi anazinduka akiwa amesimama kando ya kitanda, simu mkononi. Alidhani ni uchovu. Na kumbe sinema haziishi kwa sababu kengele inamwita.

"Mimi hata sizipendi hizo sinema, shem," alisema.

"Ulikuwa unacheka."

"Niliongea na nani?"

"Na upande wa pili wa kochi."

Akalitazama kochi. "Alinijibu?"

"Mimi sikusikia. Wewe ulitikisa kichwa."

Nilidhani atalia, au ataniambia nirudishe maboksi yote na nimpigie dalali. Aliinuka, akaenda akagusa mto wa kulia kwa vidole, kama anavyogusa paji la uso la mgonjwa. Kisha akaniuliza ni sinema ngapi zimebaki ambazo hazijaguswa. Nikatazama kwenye seva. Kisanduku kilipokufa kurekodi kulisimama, kwa hiyo zilikuwa chache mno.

"Na zikiisha," alisema, "mimi nitashuka kukaa hapa natazama nini?"

Nikamsogezea visanduku vyote viwili, nikamweleza kwamba kidogo kinamtosha mtu mmoja na kikubwa ni cha nyumba ya watu wawili.

"Fungua hicho kikubwa," alisema.

Nilikiunganisha wakati yeye anavaa sare. Kabla hajatoka alimpigia dada yake wa Katy, akamwambia nyumba haiuzwi. Dada aliuliza kwa nini. Nilisikia sauti yake ikipanda. Shemeji akamjibu kwamba kuna mtu bado anaitumia.