Mbeba Sofa wa Palmer Ford

Orville Stancil hakuwa mchukuzi kwa kazi. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye ghala la mahindi, akastaafu mgongo ukiwa bado mzima na pikapu yake ikiwa bado inawaka. Lakini hapa Palmer Ford mtu akihama, majirani huja kumsaidia kubeba, naye huwanunulia pizza na bia, yakaisha. Orville alikuwa anafika wa kwanza, hata masanduku hayajafungwa. Sofa, friji, vitanda vya watoto, vyote vilipita mikononi mwake.

Wengi hawakwenda mbali. Ng'ambo ya mto Wabash ni jimbo la Indiana, na Indiana wameiwekea kodi ya majengo kikomo. Huku kwetu Illinois kodi inapanda tu. Vuka daraja, nyumba kama yako unailipia kodi nusu, na petroli pia ni nafuu. Mimi, Nadine, niliyekuwa mpishi wa shule, hesabu hiyo naijua vizuri. Nimebaki kwa ukaidi tu.

Orville alibaki kwa ajili ya Lucille. Mkewe huyo alifundisha darasa la pili mpaka alipougua, akafia nyumbani, chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani ili aone barabara na watu wake. Orville alitaka naye afie pale pale. Alinieleza hivyo bila haya, na sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine.

Kisha halmashauri ya shule ikatuambia watoto wamepungua na fedha hazitoshi: ama tupige kura kodi iongezwe, ama shule ifungwe. Siku ya mkutano Orville, mtu asiyependa hata kuombewa kanisani kwa jina, akasimama.

"Jamani, mnanijua, mimi si msemaji," alisema. "Ila shule ikifungwa, hapa patabaki kituo cha mafuta na makaburi. Tujibane kidogo."

"Ujibane wewe, mzee," Kevin wa gereji akamrushia. "Una mtoto gani pale?"

"Sina. Namlipia wako."

Watu wakacheka, hata Kevin. Kura ikapita kwa tofauti ndogo. Orville akaniletea pai ya cheri, akala nusu yake mwenyewe jikoni kwangu, amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu msiba.

Bili mpya zilipofika, furaha ikaisha. Wenye watoto wadogo na mikopo ya nyumba ndio walioanza kuondoka, walewale ambao shule iliokolewa kwa ajili yao. Kodi haikupungua eti kwa kuwa wameondoka. Sehemu yao tuligawiwa sisi tuliobaki. Na kila Jumamosi nikitazama nje, namwona Orville anarudisha pikapu kinyumenyume kwenye mlango wa mtu. Siku alipokwenda kwa Kevin nilimfuata hadi barabarani.

"We mzee, kichwa kiko sawa? Kila nyumba unayoihamisha, kodi yake inakuja kukaa juu yako."

"Najua, Nadine."

"Sasa unabeba nini?"

"Friji. Ulitaka abebe na mkewe mjamzito?"

Nilimkasirikia siku hiyo, na bado sijamaliza kumkasirikia. Mtu mwema anaweza kukuudhi kuliko mwizi.

Baada ya Kevin ikawa zamu ya Dale, mwanawe wa pekee. Nilikuwepo, nimebeba taa ya mezani. Dale alisimama mlangoni, hawezi kumtazama babake usoni.

"Baba, usinichukie. Hesabu imekataa."

"Shika upande ule," Orville akamwambia. "Angalia usigonge mlango."

Alivuka daraja na vitu vya mwanawe, akashusha kila kimoja, akarudi na pikapu tupu, akaketi kwenye ngazi zangu. Nilidhani amechoka. Alikuwa analia, mzee wa watu, nikaketi naye.

Shule ikafungwa hata hivyo, maana haikuwa na watoto. Kodi haikushuka, kwa kuwa deni la paa jipya la shule, tulilolichukua baada ya kura ile, halikufungwa pamoja na milango. Pensheni ya Orville ikashindwa. Nyumba akaiuza kwa bei ya gari kuukuu, kwani nani anunue nyumba Palmer Ford? Tulimhamisha watu watatu: yeye, Dale, na mimi na magoti yangu mabovu. Kitanda cha Lucille kilitushinda kwenye kona, tukakiacha.

Dale alimpa chumba cha chini, chini ya sebule. Kizuri, kina joto, televisheni kubwa. Dirisha liko juu karibu na dari, linaonyesha nyasi. Alifia humo mwezi wa pili. Dale aliniambia kwamba mwishoni baba yake alikuwa akimuuliza barabara iko upande gani.

Tulimzika huku, kando ya Lucille. Magari yalivuka daraja mfululizo, sijapata kuona foleni kama ile hapa. Walikuja wote aliowabebea. Waligombania kubeba jeneza, Kevin akashika mbele, akalia kama mtoto. Kule kwenye chumba cha chini cha kanisa walikula mikate ya nyama na saladi ya viazi, wakasimulia alivyokuwa na nguvu, na mapema wakaanza kutafuta makoti yao.

Niliwatazama mlangoni wakiagana. Walikuwa wengi kuliko sote tuliobaki mjini. Wangebaki hao tu, wala si wengine, kodi ingebebeka, na Orville angefia kitandani kwa mkewe.